Mchoro wa mto wa Florida, ubao wa kahawia, hauna saini: ni Highwaymen kweli au jina limebandikwa?

#1 Mpendarangi
Wakuu, salaam. Kuna mchoro wa rangi ya mafuta kwenye nyumba ya marehemu inayouza vitu vyake, Vero Beach, Florida. Inchi 24 kwa 36. Mto, minazi miwili imeinama, mti mwenye maua mekundu kushoto, anga la machungwa. Haukuchorwa kwenye turubai, ni ubao wa kahawia kama kadibodi nene. Fremu nyeupe iliyopitishwa dhahabu juu juu. Saini haionekani, picha nimeambatisha. Nyuma kuna kibandiko cha mkono: "Highwaymen 1962". Bei dola 1,800. Muuzaji anasema saini si lazima, kwa kuwa wachoraji wale walikuwa na haraka.

Ubao na fremu vinatosha kuthibitisha? Kazi ya kuuza inaisha Jumapili.

#2 Fundi Kabari
Havitoshi, ila ni mwanzo mzuri.

Kwa wasiowajua Highwaymen: ni vijana weusi wa Fort Pierce na miji jirani walioanza kuchora mandhari ya Florida mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria na nyumba za sanaa hazikuwapokea. Walipakia michoro kwenye buti la gari, mingine ikiwa bado mbichi, wakaiuza kandokando ya barabara ya US 1, maofisini, kwenye moteli na kwa madaktari, kwa dola 25 hivi. Turubai lilikuwa ghali. Wakatumia Upson, ubao wa kufunikia kuta na dari uliotengenezwa kwa nyuzi za mbao na kampuni ya Lockport, New York. Fremu walizitengeneza wenyewe kwa zile mbao za urembo zinazozungushwa pale ukuta unapokutana na dari.

Pima unene. Upson mara nyingi ni inchi 3/16, karibu milimita 5. Masonite (aina ya hadibodi) ya kawaida ni inchi 1/8, ngumu, na mgongo wake una alama za wavu. Kisha tazama ukingo kwa lenzi: Upson huonyesha matabaka kama karatasi zilizogandishwa pamoja. Matangazo ya zamani ya kampuni yalijivunia tabaka la bluu katikati. Ukiliona ni dalili nzuri, usipoliona halikatai kitu.

Bao zima lilikuwa futi 4 kwa 8, linatoa vipande vinne vya 24 kwa 36. Ndiyo maana ukubwa huo ni mwingi.

Ila Upson iliuzwa kwenye maduka ya mbao nchi nzima. Mstaafu yeyote aliyechora Jumapili angeweza kuinunua.

#3 Mzee wa Lebo
Kibandiko hakikuandikwa 1962. Jina "Highwaymen" lilibuniwa na Jim Fitch, mfanyabiashara wa sanaa wa Florida, katikati ya miaka ya 1990. Kabla ya hapo wachoraji hao hawakuwa na jina la kundi. Kwa hiyo aliyeandika alikuwa anakisia miaka zaidi ya 30 baadaye, au anauza.

#4 Mpendarangi
Asante Mzee. Kwa hiyo nikimbie?

#5 Mzee wa Lebo
Usikimbie. Lebo ya uongo kwenye mchoro wa kweli ni jambo la kila siku. Watoto wa marehemu huandika wanachokumbuka. Chukulia kuwa kibandiko hakipo, halafu anza upya.

Kwa lebo zilizochapishwa kuna saa nzuri ya bure: anwani. Msimbo wa posta wa tarakimu tano ulianza 1 Julai 1963. Kabla yake, tangu 1943, miji mikubwa iliandika namba ya kanda baada ya jina la mji, mfano "Philadelphia 3, Pa." Vifupisho vya majimbo vya herufi mbili kubwa, kama FL, navyo ni vya 1963. Lebo ya duka la fremu yenye tarakimu tano haimaanishi mchoro ni wa baada ya 1963, maana fremu hubadilishwa, ila inakuambia fremu ilipita wapi na lini.

#6 Kisu cha Rangi
Mnaanzia mgongoni, mimi naanzia mbele.

Mzizi wa mtindo huu ni A. E. Backus, mchoraji mzungu wa Fort Pierce, aliyezaliwa 1906 na kufariki 1990. Mwalimu Zanobia Jefferson wa shule ya Lincoln Park Academy ndiye aliyempeleka kwake Alfred Hair, mmoja wa vijana hao. Harold Newton naye alitiwa moyo na Backus aache picha za dini achore mandhari. Kutoka hapo njia zikagawanyika. Newton ni mtulivu: mawingu yana uzito, maji yana kina, mwanga unatoka upande mmoja. Hair ni kasi. Alipanga mbao kadhaa, akapaka anga zote, akarudi akapaka maji yote, na kuendelea hivyo. Kwa Hair tafuta mpigo mmoja wa brashi unaomaliza kazi: jani la mnazi kwa mvuto mmoja, bila kurudiwa.

Kwenye picha zako majani ya minazi yamerudiwa mara mbili au tatu, na kivuli cha shina kinaelekea upande usiolingana na jua. Naona mkono wa mtu aliyenakili mtindo. Anaweza kuwa mmoja wao akiwa bado anajifunza, anaweza kuwa jirani yao.

#7 Mwambao77
Huo mti mwekundu ni mkrismasi wetu huu huu! Asili yake Madagaska. Kwetu unachanua Desemba, ndiyo maana ya jina. Florida unachanua kuanzia Mei hivi na kuendelea kiangazi. Tangazo la muuzaji linasema "mandhari ya majira ya baridi". Hajui anachouza.

#8 Kisu cha Rangi
Mwambao umenifurahisha. Na huo mti ndio uliowauzia sana. Wateja waliutaka, na hadi leo mchoro wenye mti mwekundu hupendwa kuliko kinamasi kitupu. Kwa sababu hiyo hiyo waigaji huuweka kwanza. Mti mwekundu usikupe imani.

#9 Njoro
Fundi Kabari, niruhusu nirekebishe hesabu yako ya #2. Bao la inchi 48 kwa 96 halitoi vinne, linatoa vitano. Weka vinne kwa mpangilio wa mbili kwa mbili: upana 24 na 24, urefu 36 na 36. Umetumia inchi 72. Kinabaki kipande cha 24 kwa 48, nacho kinakupa kimoja zaidi cha 24 kwa 36 na kidogo cha 12 kwa 24. Ndiyo maana ile michoro midogo myembamba ipo: ni mabaki.

Na hapa kuna kipimo cha bure kwa Mpendarangi. Ukikata hivyo, kila kipande kina ukingo mmoja au miwili ya kiwandani, ulionyooka na safi, na mingine iliyokatwa kwa mkono. Kingo zote nne zikiwa safi kama za mashine, basi ubao ulinunuliwa ukiwa umeshakatwa, na hapo hadithi ya bao zima inapungua nguvu.

#10 Fundi Kabari
Ni vitano, nimekubali. Namba nne nimeirudia kwa watu wengi bila kuichora kwenye karatasi. Na hicho kipimo cha ukingo ni kizuri kuliko vyangu vyote.

#11 Dalali Mstaafu
Tuzungumze pesa maana Jumapili inakuja. Dola 1,800 ni bei ya mchoro uliothibitishwa au ya mchoro unaodhaniwa? Muuzaji anaomba ya kwanza kwa kitu cha pili. Mchoro usio na saini, usio na historia ya umiliki, uthamini kama mchoro wa Florida wa mchoraji asiyejulikana. Ukigeuka kuwa zaidi ya hapo, faida ni yako kwa kuwa hatari ulibeba wewe.

Ukilinganisha na minada, linganisha sawa kwa sawa: msanii yuleyule, ukubwa, somo, ubao au turubai, hali. Na angalia kama namba unayoiona ni ile aliyogongea dalali au ile iliyolipwa. Ada ya mnunuzi sehemu nyingi ni asilimia 20 hadi 28. Dola 1,000 za nyundo, ada asilimia 25, ni 1,250. Kodi ya mauzo ya jimbo la Florida asilimia 6, ni 1,325, kabla ya nyongeza ya kaunti na usafirishaji. Kwenye nyumba ya marehemu ada hiyo haipo, na mara nyingi siku ya mwisho bei hushuka, wakati mwingine hadi nusu. Uliza sasa hivi utaratibu wao ukoje.

#12 Soma Mgongo
Nampinga Kisu kwa heshima. "Mkono" peke yake unapotosha kwenye kundi hili. Al Black alianza kama muuzaji wao. Michoro mibichi ilichubuka ndani ya gari, naye akawa anairekebisha njiani hadi akawa mchoraji mwenyewe. Mchoro mmoja unaweza kuwa na mikono miwili na bado ukawa halali kabisa. Hayo majani yaliyorudiwa unayoyaona yanaweza kuwa ukarabati wa wiki ileile uliyochorwa.

Mpendarangi, nenda na taa ya urujuanimno, ile ya tochi ya nanomita 365, si ya 395 inayomwaga zambarau kila mahali. Zima taa za chumba, funga mapazia, subiri macho yazoee. Rangi iliyoongezwa baadaye juu ya vanishi ya zamani huonekana doa jeusi. Pitia pembe zote mbili za chini polepole.

#13 Bi Turubai
Taa ni nzuri lakini msiipe kazi isiyoiweza. Chini ya taa hiyo, mng'ao wa kijani hafifu unatoka kwa vanishi ya utomvu wa asili iliyozeeka. Michoro mingi ya kundi hili iliuzwa bila vanishi kabisa, kwani ilikuwa bado mibichi. Bila vanishi huna pazia la kulinganisha nalo, na doa jeusi linaweza kuwa aina tofauti ya rangi tu. Nyeupe ya zinki inang'aa njano-kijani, nyeupe ya titani inabaki nyeusi. Msanii aliyetumia zote mbili siku moja atakuonyesha "marekebisho" ambayo hayapo.

Na msijaribu kuupa mchoro huu umri kwa rangi zake. Titani ilikuwepo madukani tangu miaka ya 1920, bluu ya fthalo tangu miaka ya 1930. Kwa mchoro wa 1958 hadi 1970 zote zilikuwa za kawaida. Kipimo hicho kinafaa kwa kazi inayodaiwa kuwa ya 1905. Vivyo hivyo Masonite: ilibuniwa Laurel, Mississippi, 1924, kwa hiyo mchoro wa "1915" juu ya Masonite ni uongo au tarehe ya kubuni.

Usiguse uso kwa pamba yenye maji, mate wala pombe. Upson inakunywa unyevu kutoka kwenye ufa wowote, inavimba, tabaka la juu linaachana na kubeba rangi nalo. Pia usimruhusu mtu aigundishe kwenye plaiwudi "kuinyoosha". Gundi ikishaingia hairudi.

#14 Njoro
Swali la uchokozi kidogo: hata kama si mmoja wao, kwa nini thamani ianguke? Wanaotambuliwa ni 26, walioingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Wasanii wa Florida mwaka 2004, na mwanamke ni mmoja tu, Mary Ann Carroll. Orodha ikafungwa. Jirani aliyechora ubao uleule, mto uleule, akauza barabara ileile lakini jina lake halikuingia, mchoro wake ni mbaya zaidi?

#15 Dalali Mstaafu
Si mbaya zaidi. Ni mgumu zaidi kuuza. Mnunuzi wa pili anataka jina analoweza kulitafuta.

#16 Kisu cha Rangi
Sikubali kwamba ni soko tu. Wale 26 waliungana kwa njia ya kufanya kazi, na wengi kwa ujirani na undugu: akina Newton watatu, akina Buckner wawili, akina Daniels wawili. Kumtoa mtu nje ya orodha si lazima iwe dharau, ni kusema hakuwa sehemu ya mnyororo ule. Lakini Njoro una hoja kwamba orodha iliandikwa baada ya wengine kufa. Alfred Hair aliuawa kwa risasi 1970 akiwa na miaka 29. Hakuulizwa nani alikuwa naye.

#17 Mzee wa Lebo
Kama Mpendarangi anataka pa kujifunzia penye lebo za kuaminika, aende Indiana. Hoosier Salon, maonyesho yaliyoanza Chicago 1925, yalibandika lebo nyuma ya kazi: jina la msanii na la mchoro. Wachoraji wa Brown County waliomfuata mchoraji T. C. Steele, aliyehamia huko 1907, bado kuna wasiojulikana wengi nje ya jimbo lao, na kazi nzuri zinapita minada midogo.

Texas nako kuna somo la jina. Julian Onderdonk wa San Antonio, yule wa mashamba ya maua ya bluu, akiwa New York alisaini michoro mingine "Chas. Turner". Miaka mingi watu walipita karibu na Onderdonk kwa bei ya Turner.

Na tahadhari moja kwa wote: mkiona kibati au mhuri wa Federal Art Project (1935 hadi 1943) au wa Public Works of Art Project (Desemba 1933 hadi Juni 1934), miradi ya serikali ya Marekani iliyowalipa wasanii, msinunue kwanza. Serikali ya Marekani inashikilia kuwa kazi hizo ni mali yake hadi leo, na shirika lake la General Services Administration huzidai zinapotokea sokoni.

#18 Soma Mgongo
Hapo kuna mzozo Mzee. Federal Art Project ilipofungwa, turubai zake zilizokuwa kwenye ghala la Queens, New York, ziliuzwa kwa uzito kama takataka. Aliyenunua alilipa serikali yenyewe.

#19 Mzee wa Lebo
Najua, na wamiliki hujitetea hivyohivyo. Serikali haikubali. Kwa mkusanyaji wa kawaida jibu ni moja: hutaki kuwa mtu wa kulipia wakili kwa mchoro wa dola 400.

#20 Mwambao77
Ubao wa ujenzi, kuuza barabarani, kufa kwa risasi... nimemkumbuka Edward Tingatinga. Alianza 1968 Dar es Salaam, hadibodi na rangi ya enameli, akauawa 1972 kwa risasi ya polisi. Miaka miwili tu baada ya Hair.

Ninachotaka kujua: mchoro wa Upson ukiletwa Mombasa au Dar unadumu?

#21 Bi Turubai
Kwa shida. Hadibodi imeshindiliwa zaidi, Upson ni laini kama silingi bodi. Unahitaji unyevu wa asilimia 45 hadi 55 usiopanda na kushuka, na pwani yetu bila kiyoyozi cha kudumu haikupi hayo. Hatari kubwa zaidi ni kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi, kwa kuwa ubao unavimba na kusinyaa kila siku. Usitundike kwenye ukuta wa nje. Acha nafasi nyuma ya fremu hewa ipite, funika mgongo kwa ubao usio na asidi, na kagua mchwa na wadudu wa karatasi kila mwezi.

Kwenye kufunga, pembe ndizo hufa kwanza. Karatasi ya glasini, ile laini inayopitisha mwanga kidogo, ndiyo iguse rangi. Plastiki ya viputo isiguse uso, huacha duara za viputo kwenye rangi, na nimeona alama hizo hata kwenye rangi ya miaka 50. Pembe za sponji, halafu vipande viwili vya plaiwudi vikubwa kuliko mchoro kwa inchi mbili kila upande, vifungwe bila kuukandamiza. Kisha sanduku.

#22 Mpendarangi
Nimerudi na majibu. Unene 3/16. Tabaka la bluu sijaliona. Ukingo mmoja mrefu umenyooka kabisa, mitatu imekatwa kwa mkono, mmoja una mikwaruzo ya kisu kilichopotea njia. Nimeruhusiwa kufungua fremu: mdomo wake wa ndani una rangi ya machungwa na kijani iliyogandia, na kwenye ubao pana mfuo unaolingana nao.

Taa: uso wote umefifia sawasawa, hakuna mng'ao wa kijani. Pembe ya chini kulia kuna doa jeusi, ukubwa wa sarafu mbili zilizoshikana.

Bei imeshuka hadi 1,350, na siku ya mwisho ni nusu ya bei ya kwanza.

#23 Fundi Kabari
Rangi kwenye mdomo wa fremu! Fremu hiyo iliwekwa mchoro ukiwa mbichi na haijabadilishwa. Pamoja na ukingo wa kiwandani, nasimama upande wa "ndiyo".

#24 Kisu cha Rangi
Inathibitisha mtu aliyekuwa na haraka. Haimtaji. Mimi bado majani yale hayanishawishi.

#25 Soma Mgongo
Doa pembeni kulia: mahali pa mchubuko wa safari. Nilisema #12.

#26 Dalali Mstaafu
Au mahali pa saini. Mtu alifuta jina lisilouzika ili kibandiko cha nyuma kisipingwe. Kufuta saini ni rahisi kuliko kughushi ya H. Newton, na hakuna wa kukushitaki kwa saini ambayo haipo.

#27 Bi Turubai
Au nyeupe mbili tofauti. Nilisema #13. Kabla hamjagombana: Mpendarangi, kuna picha moja haipo. Weka tochi ya kawaida mezani kushoto kwa mchoro, mwanga upite sambamba na uso, karibu digrii 10, chumba kikiwa giza. Piga doa hilo kwa karibu, rula ikiwa pembeni. Saini iliyokwanguliwa huacha bonde na mikwaruzo ya upande mmoja. Iliyopakwa juu huacha matuta ya herufi chini ya rangi mpya. Mchubuko wa safari husambaza rangi kuelekea nje, na kingo zake ni laini. Kisha geuza tochi itokee juu, upige tena.

#28 Mpendarangi
Wanafungua saa tatu asubuhi. Nitakuwa mlangoni na tochi mbili.

#29 Njoro
Chukua na rula ya inchi. Ile ya sentimita itatuletea ugomvi mwingine wa hesabu.